Mihogo ya Mwalimu Banza

Mtu akikuambia kwamba mwalimu mkubwa wa masomo yetu, yaani shule yetu, aliruka dirisha mchana kweupe, amevaa kaptula nyeupe na soksi ndefu mpaka magotini, usiseme anatia chumvi. Mimi nilikuwepo. Tena aliruka kwa sababu yangu, na sijutii hata kidogo.

Jina langu ni Lucienne, binti ya Kapenda, yule aliyekuwa akitia makaa kwenye mashine ya treni kati ya Luena na Kamina. Nilizaliwa katika kambi ya reli ya Luena, ambako nyumba hii wanasema Kiluba, nyumba ile Kibemba, na ugomvi wote unafanyika kwa Kiswahili. Mwaka ule wa 1955 nilikuwa na miaka ishirini na mbili, diplome yangu mkononi, na mdomo ambao baba alisema utanikosesha mume. Labda. Kazi haukunikosesha.

Lakini ilibaki kidogo tu. Nilikuwa nimeahidiwa kalasa ya nne ya wasichana, darasa la kwanza la namna hiyo katika masomo yetu yale ya pembeni ya kambi ya Kamina. Miaka mitatu nyuma wasichana kumi na tisa walianza kalasa ya kwanza. Wa kuingia kalasa ya nne walibaki wanne. Mupe, njo tunavyomwita padri, alikuwa inspekta wetu. Alizima pikipiki yake mbele ya mlango, akaniambia bila kuvua kofia:

"Lucienne, watoto wanne si kalasa. Wakifika kumi, utafundisha. Wasipofika, nitaifunga, na wewe utaenda foyer kufundisha wake za wafanyakazi kushona."

Kushona! Mimi na sindano hatujapatana tangu nizaliwe. Nilikaa Luena miaka minne kwa masista nikijifunza kufundisha hesabu na kusoma, halafu niishie kuwaonyesha wamama waliozaa watoto sita namna ya kutia kifungo? Usiku ule nililia kwa hasira, na asubuhi nikaamka nikiwa na hasira ileile.

Mupe alituagiza tufanye journées pédagogiques, yaani siku tatu walimu tukae pamoja tupange namna ya kuendeleza masomo, wiki moja kabla watoto hawajarudi. Jumatano saa nne angekuja kusikia mpango wetu. Swali lake la kwanza lilikuwa hilo: wasichana wanapotelea wapi?

Tulikuwa walimu wanne. Mkubwa wetu alikuwa Amédée Banza, Mluba wa Kamina hasa, mtu safi, wa haki, anayenyoosha soksi zake kabla ya kusema neno. Walikuwepo Noé Mwanza, mwenye mwandiko mzuri na woga mwingi, na mzee Kabamba wa kalasa ya kwanza, ambaye alikubali kila jambo kabla halijamalizika kusemwa. Wa nne mimi.

Jumatatu tuliketi katika chumba cha kalasa ya nne, chenye mlango mmoja mbele na dirisha moja nyuma. Dirishani ulikuwa unaona mashamba ya walimu, kila mtu na kipande chake. La Banza lilikuwa la mihogo, limesimama vizuri hata wakati ule wa vumbi. Langu lilikuwa la viazi vitamu. Mashamba yalipendeza kuliko masomo yenyewe, nasema kweli.

Noé akashika chaki. Banza akanyoosha soksi, akasema:

"Andika. Ya kwanza, masomo iko mbali na mugini, kijiji ya bazazi. Ya pili, bazazi banaoza batoto mapema. Ya tatu, ba mama habajue faida ya kusoma."

"Ni kweli kabisa," akasema Kabamba.

"Nani alisema vile?" nikauliza.

Banza akanitazama. "Inajulikana, mademoiselle."

"Inajulikana na nani? Tuliuliza mama gani? Hata mumoja?"

"Ba mama habajue programme. Tutabauliza nini?"

"Juu ya nini batoto yabo banakimbia shiye ba mwalimu!"

Noé aliangusha chaki. Banza hakukasirika, alikuwa mtu wa subira, lakini alisema mkutano wa walimu ni wa walimu, basi. Tulishinda pale mpaka saa nane, ubao ukajaa sababu kumi na moja, na hakuna hata moja iliyokuwa na jina la mmoja wetu. Nyani haoni kundule.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja sokoni kambini. Kulikuwa na mama mmoja aliyeuza samaki wakavu wa Kinkondja, Mama Mwadi, mnene, sauti nzito, ambaye wauzaji wote walimsikiliza. Mjukuu wake Élisa alikuwa msichana wangu wa kwanza kwa hesabu katika kalasa ya tatu. Likizo ilipoanza, walinitumia habari kwamba hatarudi. Nilimwambia Mama Mwadi aje kesho kutueleza sababu, mbele ya walimu.

Alifunga samaki wa mtu kwenye majani taratibu. Kisha akauliza: "Na mwalimu mukubwa, atakuwako?"

Nilidhani anaogopa ukubwa wake. "Hapana, mama. Kesho asubui anaenda ku gare kupokea madaftari. Utatukuta shiye tu."

"Kama yeye haiko, nitakuja."

Sikumdanganya. Banza alikuwa kweli aende gare. Lakini treni ya mizigo kutoka Luena, nani aliwahi kuiona inafika kwa saa yake? Jumanne alienda, akaambiwa itafika jioni, akarudi, akaketi kwenye kiti chake. Nilifikiri: vizuri, atamsikia yeye mwenyewe. Sikujua kitu, jamani. Nilikuwa nimekaa Kamina mwaka mmoja tu tangu nitoke Luena, na Mama Mwadi alikuwa na mabinti saba, wameolewa huku na huku.

Mlango ukafunikwa na kivuli. Mama Mwadi akasema, "Hodi, ba mwalimu."

Banza akainua kichwa. Sijawahi kuona mtu mzima anabadilika uso hivyo. Alisimama, kiti kikaanguka, akatazama mlango, ambao ulikuwa umejaa Mama Mwadi, akatazama dirisha, halafu hop! Mguu mmoja juu ya meza ya Kabamba, mwili nje, tukasikia mashina ya mihogo yanavunjika. Kiatu chake kimoja kilibaki ndani, katikati ya chumba.

Mama Mwadi alikwisha kugeuka, amejifunika kitambaa kichwa chote, akilia, "Yo, mama! Yo, mama! Haya gani hii?"

"Ni buko yake," Noé akaninong'oneza, ametoka jasho. "Bibi ya mukubwa, Suzanne, ni binti yake. Haukujua?"

Buko! Kwa Waluba mume na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mwanaume anaingia majanini mpaka mama apite. Hawaketi chini ya paa moja, hawaitani jina. Si chuki, ni heshima kubwa. Kwetu kambini tulikuwa tumechanganyika mno, mambo hayo yalilegea, baba yangu alikuwa anakula na mama mkwe wake sahani moja. Na ningejuaje mimi? Watu wanaokwepana namna ile utawaona wapi pamoja?

Mama Mwadi alikuwa anaondoka. Nikaona kalasa yangu inaondoka naye. Nikaona sindano. Nilikimbia, nikamshika mkono.

"Mama, nakuomba, samehe minyi. Kosa ni yangu. Lakini ukienda, kalasa ya nne inakufa leo. Kaa, geuza mugongo ku dirisha. Yeye iko inje, haakuone, haumuone. Kuko ukuta katikati."

Aliacha kuvuta mkono wake. "Kuko ukuta?"

"Ya matofali, mama."

"Na asiseme na minyi."

"Hatasema."

Aliketi kwenye benchi la watoto, mgongo kwa dirisha, kitambaa bado kichwani. Banza alikuwa amechuchumaa chini ya dirisha katika mihogo yake. Hakuondoka. Angeondokaje, mwalimu mkubwa, apite barabarani na kiatu kimoja?

Nikamwambia Noé asome ubao. Akasoma kwa sauti ya mgonjwa.

"Ya kwanza: masomo iko mbali na mugini."

Mama Mwadi akacheka. "Mbali? Minyi nachukua samaki ku Kinkondja, nalala siku mbili juu ya camion ya mizigo. Ku masomo ni mwendo ya kuimba nyimbo tatu. Ingine."

"Ya pili: bazazi banaoza batoto mapema."

"Élisa iko na myaka kumi. Nani anamuoa? Weye?"

Noé akafuta sababu ya pili mwenyewe, kwa kiganja. Ya tatu hakuisoma kabisa. Nikamwuliza mimi: "Mama, basi juu ya nini Élisa harudie?"

Akaalika vidole vyake kimoja kimoja.

"Mutoto anatoka asubui na ardoise, kibao yake ya kuandika. Siku mingine anarudia magaribi, udongo ku magoti, mikono inavimba. Namuuliza: leo mulisoma nini? Anasema: leo tulilima kwa mwalimu. Kama ni kulima, minyi niko na shamba. Mutoto akalime ya bantu, ya kwetu ibakie na majani?"

"Ile ni kazi ya mikono, mama," Noé akasema polepole. "Iko mu programme."

"Batoto banaume, kazi yabo ya mikono ni nini?"

"Matofali."

"Ya nani?"

"Ya masomo."

"Na ba binti banalima shamba ya nani?"

Noé akatazama mashamba dirishani. Kabamba, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakukubali kitu.

Mama Mwadi akaendelea, na sasa sauti yake ilishuka. "Niko na buko mumoja. Simutaji jina. Tangu alioa binti yangu, kila siku ya posho ananitumia kitunga ya mihogo. Mugini yote inamusifu. Minyi mwenyewe najisifu ku soko: muone, buko yangu ni mwalimu, na jembe anajua! Sasa siku moja niko na Élisa ku nyumba. Nachemusha mihogo, tunaikala kula. Anaangalia kitunga. Anasema: nkambo, hii mihogo njo minyi nilichimba. Jembe ilinikata kidole. Ananionyesha alama." Akainua kidole chake mwenyewe, kana kwamba alama iko pale. "Nilikuwa na kipande mu kinywa. Nilishindwa kumeza."

Nje, mihogo ilitikisika, kisha ikatulia.

"Simuchukie ule buko," akasema. "Ananiheshimu. Lakini heshima yake anaipandisha ku mugongo ya mujukuu yangu. Hapana. Élisa atabakia na minyi."

Sasa ngoja nikuambie la kwangu, maana nimesema la mwenzangu. Viazi vyangu, je? Mimi niliyepiga kelele "juu ya nini banakimbia shiye", kila Alhamisi mchana nilikuwa nikiwapeleka wasichana walewale kwenye matuta yangu, Élisa mbele, kwa sababu alikuwa mwepesi. Nilikula viazi vile, nikavisifu utamu. Na mimi nilipokuwa mtoto tulilimia walimu, nikaona ndivyo masomo yalivyo, kama vile kengele na ubao. Kalasa yangu nilikuwa naifunga mimi, kwa jembe. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Mama," nikasema, "na minyi alinilimia. Unisamehe."

"Nilijua," akajibu. "Ulikuwa unangoja niseme?"

Ndipo ilipotoka sauti ya Banza chini ya dirisha. Ilikuwa ikikwaruza.

"Mademoiselle Lucienne."

"Ndiyo, directeur."

"Mwambie Noé afute tableau yote."

Noé akafuta.

"Aandike: Ya kwanza. Kila mwalimu analima shamba yake mwenyewe, na jembe yake mwenyewe, na mikono yake mwenyewe. Amekwisha?"

"Anaandika."

Mama Mwadi, mgongo bado kwa dirisha, akaniambia mimi, kana kwamba hakuna mwingine duniani: "Muulize ule muntu wa inje: na ile saa ya kulima, ba binti batafanya nini?"

"Directeur, wanauliza..."

"Nimesikia. Kusoma na hesabu. Weye njo utafundisha."

"Mwambie," akasema Mama Mwadi, "na kupima. Kilo, litre. Ku soko banatuiba, juu hatujue kusoma mizani."

"Mwambie ni vizuri," ikasema sauti. "Aandike ya pili."

Tukafanya kazi namna ile mpaka jua likapinda, mimi katikati nikipeleka na kurudisha maneno ambayo wote wawili walikwisha kuyasikia. Nimehudhuria mikutano mingi baadaye, yenye viti na maji ya kunywa. Sijaona wowote uliofanya kazi kama ule. Alipotoka Mama Mwadi, nilitupa kiatu dirishani.

Jumatano Mupe alisoma mpango wetu, akakuna ndevu. Nambari ya kwanza aliisoma mara mbili, akamtazama Banza, na Banza hakuinamisha macho. Alipofika nambari ya sita akasimama.

"Mlango wa pili katika kalasa ya nne, upande wa nyuma. Kwa nini? Chumba ni kidogo."

Banza akanyoosha soksi zake. "Ili wazazi waweze kuja, mon père."

Mupe alikuwa amekaa Kamina miaka mingi kuliko mimi. Alitazama dirisha, akatazama mashina yaliyovunjika nje, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akawa mkali tena. "Ninawapa wiki moja baada ya kufungua. Kumi. Si tisa."

Siku ya kufungua walikuja walewale wanne. Élisa hakuwemo. Nilifundisha nikitazama mlango, na jioni nikamfuata Mama Mwadi sokoni. Hata sikusalimia vizuri.

"Mama, tuliandika! Mupe alikubali!"

"Mulikamata karatasi," akasema. "Minyi nangoja kitunga."

Wiki ile Banza alilima kila mchana peke yake, kaptula imejaa udongo, na watoto wakisimama kumtazama kama sinema. Na mimi matuta yangu niliyachimba, mgongo ukaniambia habari zake. Ijumaa hakuweza kushika chaki, aliniomba nimwandikie tarehe. Jumamosi, siku ya posho, mkewe Suzanne alikuja kunichukua, tukapeleka kitunga kwa Mama Mwadi pamoja.

Hakikufika nusu. Mihogo mingine ilikuwa imekatika vibaya, mtu asiyejua kuchimba anaonekana. Mama Mwadi alichukua mmoja, akaumenya kwa kisu, akauliza bila kututazama:

"Nani alichimba?"

"Bwana yangu, mama," akasema Suzanne. "Mikono yake imetoka malengelenge. Jana nilimulisha bukari minyi, kama mutoto."

Mama Mwadi aliuma kipande kibichi. Alitafuna. Nilisimama pale nikitazama koo lake, naapa, kama mtu anayengoja majibu ya mtihani. Akameza.

"Mwambie," akasema, "hii njo tamu."

Jumatatu asubuhi ilikuwa siku ya mwisho aliyotupa Mupe. Banza alisimama mlangoni mwa kalasa ya nne, kengele mkononi, vitambaa vyeupe vimezunguka viganja vyake. Mafundi walikuwa hawajagusa ukuta bado, mlango wa pili ulikuwa kwenye karatasi tu. Nilisikia nyimbo kwanza, kutoka njia ya mugini. Kisha nikawaona: Mama Mwadi mbele, kitunga cha samaki kichwani, Élisa kando yake na ardoise, na nyuma yao wasichana wengine, na bibi zao, na mama zao, vumbi juu.

Nikaanza kuhesabu. Mmoja, Élisa. Wawili, watatu, wanne, watano. Mtoto wa mama mmoja muuza chumvi, sita. Mapacha wawili waliokimbia kalasa ya tatu, wanane. Tisa. Tisa na wale wanne wangu walioketi ndani ni kumi na watatu.

"Directeur!" nikapiga kelele. "Kumi na batatu! Umeona? Kumi na batatu!"

Nikageuka. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nyuma ya chumba nikasikia mihogo inavunjika, na chini, kwenye kizingiti, palikuwa na kengele na kiatu kimoja.

Kengele niliipiga mimi.